Tupeane uzoefu: upasuaji wa jino na taya. Wewe ulifanyiwa kwa ganzi, kwa dawa ya kutuliza, au kwa nusukaputi?

Kiti cha Pembeni

Wakuu, kwema?

Nina magego mawili ya mwisho, yale ya hekima, yamelala ubavu ndani ya taya la chini na yamegoma kutoka. La kushoto limenivimbisha shavu mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Daktari wangu wa meno aliitazama eksirei, akaguna, akasema, "Hili siyo saizi yangu," akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya.

Nimeshaonana naye. Mtu wa makamo, mpole, maneno machache. Kanipima, kanieleza, mwishoni akanitupia swali ambalo sikulitegemea: "Ungependa tufanye kwa ganzi peke yake, ganzi pamoja na dawa ya kukutuliza, au tukupe nusukaputi?" Miaka yote nilijua hayo anapanga daktari! Nikaomba wiki mbili nikafikiri.

Sasa naomba waliopita njia hii waongee. Sitaki habari za "nasikia", nataka ya kinywa chako mwenyewe. Ulifanyiwa kwa kipi, ulisikia nini, na ukirudishwa kwenye kile kiti leo utachagua nini? Halafu jambo la pili: mlijuaje kwamba huyo aliyeshika patasi ameiva? Mimi naona haya kumuuliza mtu aliyenizidi umri "umesomea wapi".

Niseme mapema: sindano naiogopa. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi tumalize.

Mjukuu wa Bibi

Nimeshacheka, tuendelee.

Mimi ilikuwa ganzi peke yake, gego la chini kulia, limelala kama lako. Kwanza alinipaka jeli chungu kwenye ufizi, tukakaa dakika mbili tatu. Sindano yenyewe inaingia mbali, nyuma kabisa mataya yanakokutana, kwa sababu anautafuta mshipa wa fahamu kabla haujazama ndani ya mfupa. Mchomo ni mdogo. Kinachoshtua ni ule ujazo, unasikia dawa inajitafutia nafasi kwenye nyama. Aliisukuma polepole mno, na nadhani ufundi uko hapo, maana niliwahi kuchomwa na mtu mwenye haraka na sijamsahau.

Muda si mrefu moyo ukaanza kwenda mbio, nikajua ndiyo basi tena. Akaniambia nitulie, kwenye dawa kuna adrenalini kiduchu ya kubana mishipa ya damu ili ganzi ikae na damu isimwagike ovyo. Baada ya dakika moja mbili moyo ukarudi. Zikapita kama tano, nusu ya mdomo wa chini na nusu ya ulimi vikawa siyo vyangu.

Hapa ndipo nataka usikilize, Kiti. Ganzi inaondoa maumivu, haiondoi msukumo. Utasukumwa, utavutwa, taya litatikiswa. Mimi hakuna aliyeniambia hilo kabla, kwa hiyo kila nikisukumwa nilidhani ganzi imeisha na maumivu yako njiani. Akawa ananiuliza, "Linachoma au linasukuma?" Tulikubaliana nikinyoosha mkono wa kushoto anasimama, na kweli alisimama mara zote tatu, hata ile mara nilipotaka tu kumeza mate. Kilichonitesa ni sauti: keekee inalia ndani ya kichwa chako mwenyewe, halafu jino linapasuliwa vipande, kwaa! Nusu saa, nyuzi mbili, nikatoka kwa miguu yangu.

Ningerudia? Ndiyo, ila na muziki masikioni. Na nisingebwabwaja sana baadaye. Nilijing'ata mdomo bila kujua, kesho yake kidonda cha mdomo kikauma kuliko shimo la jino.

Ua la Jioni

Mimi mwenzenu sikuweza. Nikiona tu trei ya vyuma jasho linanitoka. Yalikuwa magego manne kwa mpigo, kwa hiyo daktari mwenyewe ndiye aliyependekeza dawa ya mshipani. Wakaniwekea oksijeni puani, kibanio kwenye kidole, mpira wa presha mkono wa pili. Akasema, "Tukikuita utaitika, ila hutajali." Dawa zilikuwa midazolamu ya kutuliza na fentanili ya kuua maumivu, niliziona kwenye karatasi.

Nakumbuka taa. Kinachofuata ninachokikumbuka ni dada yangu ananifunga kamba za viatu. Hapo katikati hakuna kitu. Siyo giza, siyo ndoto, hakuna. Kumbe niliongea nao muda wote, nikiambiwa panua napanua. Nyumbani nikakuta kalamu mfukoni nisiyoijua. Dada anasema niliing'ang'ania kwa muuguzi nikidai lazima nisaini mahudhurio. Ninayo mpaka leo.

Nusura wanirudishe, na ilikuwa haki yao. Niliambiwa chakula mwisho masaa sita kabla, maji matupu mwisho masaa mawili kabla. Asubuhi nikanywa kikombe cha maziwa, nikajisemea haya ni kinywaji. Maziwa ni chakula, jamani. Yakipanda kutoka tumboni wakati umelegea yanaishia mapafuni. Walinisubirisha mpaka alasiri. Na msiende peke yenu, bila mtu mzima wa kukuondoa pale hawaanzi. Siku ile yote na usiku wake hakuna kuendesha gari wala kuweka sahihi kwenye karatasi yoyote. (Nilituma ujumbe kazini jioni ile. Sitaueleza hapa.)

Ukiniuliza, nachagua hivyo hivyo hata kesho.

Kiti cha Pembeni

Ua, maana yake ukitulizwa hakuna tena sindano ya mdomoni? Kama ndivyo nimeshaamua.

Zamu ya Usiku

Usiamue kwanza, ndugu yangu. Mimi ni muuguzi upande wa usingizi, nakaa kichwani mwa mgonjwa kila siku.

Dawa ya kutuliza haizuii maumivu ya kukatwa mfupa. Sindano ya ganzi unachomwa vilevile, ila unachomwa ukiwa hujali na baadaye hukumbuki. Hata aliyepewa nusukaputi mara nyingi anapigwa ganzi akiwa amelala, ili asiamke na moto mdomoni.

Halafu hizi dawa ni ngazi, si taa ya kuwasha na kuzima. Kuna kutulizwa kidogo. Kuna kulegea lakini unaitika. Kuna usingizi ambao mpaka ufinywe ndipo ushtuke. Chini kabisa ndiyo nusukaputi. Kipimo kilekile kinamshusha huyu ngazi ya pili na yule ya tatu, na hujui ni nani mpaka umempa. Kwa hiyo anayetoa dawa lazima awe na uwezo wa kumwokoa mtu aliyeteleza ngazi moja zaidi ya alipokusudia kumfikisha. Ndiyo maana swali la "nitapewa dawa gani" mimi naliona dogo. La maana ni nani anaangalia pumzi yangu wakati mwenzake anaangalia jino. Upasuaji wa kinywa unafanyika kwenye mlango uleule unaopitisha hewa. Maji, damu, vipande vya jino, vyote viko njiani.

Kile kibanio cha kidole kinapima oksijeni ya damu, lakini kinachelewa. Ukiwa na oksijeni puani unaweza kuacha kupumua na namba ikabaki nzuri kwa muda. Kifaa kinachopima kaboni dayoksaidi unayotoa ndicho kinachopiga kelele mapema, kwa hiyo uliza kama wanacho. Midazolamu ina dawa ya kuikata, flumazenili, na fentanili ina naloksoni. Propofoli, dawa nyingine ya usingizi ya mshipani, haina. Ikizidi, unamsaidia mgonjwa kupumua mpaka iishe yenyewe.

Sasa kisa changu. Alikuja bwana mmoja, kifua kipana, shingo nene. Kwenye fomu kaandika hana tatizo lolote. Tukampa dozi ndogo tu, koo likajifunga: kifua kinapanda kinashuka, hewa haipiti. Tukanyanyua taya, tukampa hewa kwa barakoa, akarudi. Dakika moja, labda na nusu, lakini muulize aliyekuwepo atakwambia saa nzima. Shughuli ikaahirishwa. Nje nikamkuta mkewe, nikamuuliza, "Mama, mzee anakoroma?" Akacheka. "Anakoroma mpaka anakatika, mimi ndiye ninayemsukuma ndipo avute tena." Kumbe alishaambiwa zamani kwamba pumzi yake hukatika usingizini, akaficha asije akarudishwa. Tangu siku hiyo swali la kukoroma simuulizi mgonjwa, namuuliza anayelala naye chumba kimoja.

Nanga

Nafuatilia. Sisi wa zamani tuling'olewa kwa koleo na kushikwa mabega.

Bwana Kimya

Yangu ni gesi ya kucheka. Sikucheka, tuelewane hapo.

Ni barakoa ndogo inayofunika pua tu. Wanachanganya naitrasi oksaidi na oksijeni, wanaongeza kidogo kidogo huku wanakutazama. Vidole vya miguu vikaanza kuwasha, miguu ikawa mizito kisha myepesi, sauti ya daktari ikasogea kama yuko chumba cha pili. Nilijua kabisa kwamba nachomwa sindano ya ganzi, ila lilikuwa jambo la mtu mwingine. Wakimaliza wanakupa oksijeni tupu kama dakika tano na akili inarudi yote. Niliondoka peke yangu.

Ubaya wake: mara ya kwanza nilikwenda na mafua. Pua imeziba, gesi itapita wapi? Nikabaki navuta hewa ya kawaida kwa mdomo, mwoga vilevile kama nilivyoingia. Tukaahirisha. Na kama una upungufu wa vitamini B12, au umefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni ukawekewa kiputo cha gesi ndani, lazima useme, gesi hii si ya kwako.

Kwa wapenda historia, gesi hii imeingia kwenye tiba kupitia jino. Desemba 1844, Hartford huko Marekani, daktari wa meno Horace Wells alihudhuria maonyesho ya kuwavutisha watu gesi ili wachekeshe wenzao. Akamwona mmoja amejiumiza mguu na hana habari. Kesho yake Wells akavuta gesi na kung'olewa gego lake mwenyewe. Januari 1845 akaenda Boston kuwaonyesha madaktari, mgonjwa akapiga ukelele, wakamzomea. Inasemekana mfuko wa gesi uliondolewa mapema. Oktoba 1846 William Morton, daktari wa meno aliyewahi kushirikiana na Wells, akaonyesha etha, dawa nyingine ya usingizi ya kuvuta, katika mji uleule na akashangiliwa. Nikikaa kwenye kile kiti huwa namfikiria Wells, mtu aliyekuwa sahihi mbele ya watu wasiofaa siku isiyofaa.

Nondo

Yangu haipendezi, lakini mmesema tupeane uzoefu.

Gego la chini, usaha umejaa, shavu kama nimeficha mpira. Aliyenihudumia, sitamtaja wala mahali sitapataja, akanipiga ganzi ya kwanza, akasubiri, akagusa. Nikaruka. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Mdomo wa nje umekufa kabisa, jino lenyewe liko hai kama waya wa umeme. Akaniambia, "Mdomo si umekufa? Wewe unaogopa tu." Akaendelea. Dakika zile sizisimulii. Nilitoka na nusu ya jino ikiwa bado ndani, mtu mzima nimeegemea ukuta nalia.

Nikaishi na kile kipande miaka miwili, maana ningerudi wapi? Kilipovimba tena nikapelekwa kwa bingwa wa kinywa na taya, mama mmoja hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika chochote, akasema, "Nakuamini." Hakugusa jino siku ile. Alipasua jipu, usaha ukatoka, akanipa dawa za kuua bakteria na kunipangia siku nyingine. Niliporudi, sindano moja, kimya.

Naomba mtu wa fani anieleze, nilikuwa mwoga au kuna sababu? Swali hilo ninalo mpaka leo.

Koleo na Patasi

Hukuwa mwoga, kaka. Niko mwaka wa mwisho wa ubingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, nitakueleza tulivyofundishwa.

Ganzi ili ifanye kazi lazima ipenye utando wa mshipa wa fahamu. Penye usaha nyama inakuwa na tindikali, na kwenye tindikali sehemu kubwa ya dawa inabaki katika umbo lisilopenya. Mishipa yenyewe nayo imekereka, inapiga kelele kwa kitu kidogo. Juu ya hapo, kuna watu ambao gego lao la chini linapata tawi la pembeni la mshipa wa fahamu ambalo sindano ya kawaida hailifikii. Kwa hiyo mdomo kufa ni ushahidi kwamba mshipa mkubwa umeshikwa. Si ushahidi kwamba jino limeshikwa. Aliyekwambia "mdomo si umekufa" alikuwa anajibu swali ambalo hukuliuliza.

Ikifika hapo unabadilisha mahali pa kuchoma, au unachoma kwenye kile kiungo chembamba kati ya jino na mfupa, au unaahirisha kama alivyofanya yule mama. Kuongeza tu sindano juu ya sindano kuna mwisho wake. Lidokeini, ndiyo dawa yenyewe ya ganzi, ikiwa na adrenalini haitakiwi kuzidi miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Ikizidi damuni mtu anaanza kusikia ladha ya chuma mdomoni, masikio yanavuma, na ikiendelea anapata degedege. (Dawa hii ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren, na bado ndiyo tunayoigusa kila siku.)

Sasa naona swali la pili la Kiti limerukwa na wote, nilijibu kwa kusimulia nilikopita.

Nilianza na shahada ya udaktari wa meno, miaka 5. Nikafanya kazi miaka 2 ya kuziba na kung'oa, nikajiona mtaalamu wa kung'oa. Nilipoingia ubingwa, miezi ya mwanzo sikupewa jino hata moja. Nilipelekwa idara ya usingizi, kazi yangu kushika barakoa. Vidole vitatu vinanyanyua taya la mtu aliyelala, viwili vinabana barakoa usoni, mkono wa pili unakamua mfuko wa hewa. Ukiangalia unaona kazi ya kitoto. Mgonjwa wangu wa kwanza nilimshindwa, hewa yote inavuja pembeni, kifua kimetulia. Mwalimu wangu hakunisukuma. Aliweka mkono wake juu ya wangu, akanyanyua taya kidogo mno, kifua kikapanda. Baadaye nimefunga taya zilizovunjika, nimetoa uvimbe mkubwa kuliko ngumi, nimesaidia kushona watoto wenye mdomo sungura. Nikilala nikaota kazi, naota ule mkono juu ya mkono wangu.

Nchi hazifanani. Marekani ni angalau miaka 4 ya ubingwa baada ya shule ya meno, wengine 6 kwa kuunganisha na shahada ya udaktari wa binadamu, na kukaa miezi kadhaa idara ya usingizi ni lazima. Ndiyo maana huko mara nyingi daktari wa upasuaji anasimamia dawa ya kutuliza mwenyewe kliniki kwake, akiwa na timu yake. Uingereza anayetaka fani hii sharti awe na shahada zote mbili, ya meno na ya udaktari. Kwingine ni shahada ya meno na ubingwa juu yake, na dawa ya usingizi anatoa daktari wa usingizi. Hakuna njia ya aibu hapo, ila una haki ya kujua wako kapita ipi.

Kwa hiyo uliza, wala usione haya. Magego yaliyolala kama langu umeshatoa mangapi? Nani atatoa dawa, na wakati huo atakuwa na kazi nyingine? Nikiacha kupumua nani anafanya nini, na mara ya mwisho mlifanya lini zoezi la kuokoa mtu? Hilo la mwisho sikiliza jinsi linavyojibiwa. Waliofanya zoezi wanajibu bila kutazamana.

Mama wa Mapacha

Yangu ni ya mwanangu, miaka minane. Jino la ziada lilikuwa limejificha juu ya kaakaa, nyuma ya meno ya mbele, limezuia la utu uzima lisishuke. Tuliambiwa nusukaputi, kwa sababu sindano ya kwenye kaakaa inauma kuliko zote, nyama ya pale imegandamana na mfupa, dawa haina pa kukaa. Na mtoto mwenyewe hatulii hata akikatwa kucha.

Ambacho sikuambiwa, au niliambiwa sikusikia: mpira wa kupumulia unapitishwa puani ili mdomo ubaki wazi kwa kazi. Nilipoitwa nikamkuta ana damu puani, analia kwa sauti ya kukwaruza, ananisukuma kama hanijui. Nikapandwa na hasira, nikadhani wamemharibu. Daktari wa usingizi, aliyekuwa mwingine kabisa na yule wa upasuaji, alikaa nami chini akaeleza: pua kutoka damu kidogo hutokea, koo litauma siku mbili, na watoto wengi huamka hivyo wamevurugwa, baada ya muda wanatulia. Ilikuwa hivyo. Ila wangeniambia nusu saa kabla nisingemtolea maneno yule binti wa mapokezi. Nilirudi kumwomba radhi.

Kifungua Mimba

Baba yangu ana vali bandia ya moyo, anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Aliposikia anang'olewa, akajisimamishia dawa mwenyewe siku mbili bila kutuambia. Daktari bingwa alipogundua hakufoka, lakini alimtazama baba mpaka baba akatazama chini. "Mzee, damu ya jino naweza kuibana kwa kidole. Damu ikiganda kwenye vali siwezi." Alimrudisha kwenye dawa, wakawasiliana na daktari wa moyo, akapima damu upya, ndipo akafanya kwa ganzi peke yake, jino moja tu, kwa nyuzi na maji ya dawa ya kusukutulia ya kuzuia kuvuja. Baba alikuwa macho muda wote akitoa maelekezo.

Mdomo Mzito

Kwa kifupi tu. Kidevu changu upande mmoja kilibaki na ganzi miezi mitano baada ya upasuaji. Mizizi ilikuwa imekalia ule mshipa, nilionyeshwa kwenye picha kabla na nikaweka sahihi, kwa hiyo silalamiki. Ilirudi polepole, kwanza kama sisimizi wanatembea. Ungekuwa umelala au uko macho ni kilekile, hatari hii haihusiani na aina ya usingizi. Kiti, muulize kama mizizi yako imegusa. Kuna wakati wanakata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi palepale kwa makusudi.

Kiti cha Pembeni

Wakuu, nimerudi. Naandika na barafu shavuni, siku ya tatu, leo ndiyo nimevimba kuliko siku zote na mdomo unafunguka vidole viwili tu. Nimeambiwa ni kawaida, uvimbe hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Ninachokiogopa ni lile bonge la damu kutoka shimoni, maana nasikia mfupa ukibaki wazi maumivu yake ni ya kupanda sikioni. Sivuti sigara, sinyonyi mrija, wala sisukutui kwa nguvu.

Niseme ukweli, nilipotoka hapa nilikuwa nimeshaamua dawa ya mshipani, kama Ua. Nikaenda na mke wangu kwenye miadi. Nikamuuliza daktari yale maswali ya Koleo, sauti inatetemeka, karatasi mkononi kama mwanafunzi. Hakuchukia. Alivuta kiti akakaa. Akanieleza alikosomea, miezi aliyokaa idara ya usingizi, akasema magego ya kulala hahesabu tena ila wiki haipiti bila kutoa mawili matatu. Nilipofika "nani anaangalia pumzi yangu", akasema hapa kliniki ni yeye pamoja na muuguzi mmoja aliyefunzwa, akamgeukia mke wangu: "Anakoroma?"

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Alijibu hivyo hivyo, tena na vitendo.

Akanipanulisha mdomo, nikatoa ulimi, akachungulia koo, akapima shingo kwa utepe. Kisha akasema bila kuzunguka: "Wewe hapa kliniki sitakulegeza. Ukitaka dawa ya mshipani au nusukaputi tutafanyia hospitali, na daktari wa usingizi awepo kwa ajili yako tu, baada ya kupimwa huo usingizi wako. Ukitaka hapa, ni ganzi, jino moja moja." Kilichonishangaza ni kwamba aliposema "sitakulegeza" ndipo nilipoanza kumwamini.

Nikachagua ganzi, la kushoto kwanza. Nilifumba macho tangu jeli mpaka mwisho wa sindano na sikuiona hata rangi yake. Ujazo upo kama alivyosema Mjukuu. Moyo ulikimbia, nikajua ni adrenalini, nikauacha ukimbie. Msukumo ulikuwa mkubwa kuliko nilivyofikiria, goti la daktari lilikuwa limekaza kwenye kiti. Niliinua mkono mara mbili. Mara ya pili palikuwa panachoma kweli, akaongeza sindano nyingine pembeni, akasubiri kwa kuangalia saa ya ukutani, ndipo akaendelea. Mizizi haikugusa mshipa. Dakika arobaini. Nikang'ata gozi, kile kitambaa cha kuzuia damu, nikatoka.

La kulia ni baada ya wiki sita, na nimeshamwambia tufanye vilevile. Kipimo cha usingizi nacho kimepangwa, mke wangu ameipigia mstari ile tarehe. Anasema usiku huu wa tatu sijakoroma hata kidogo. Sijamwambia kwamba sijalala.